Siku Mama Alisema Hana Mutoto

Hapa Baraka, siku ya kwanza ya kazi, 7 mwezi wa pili 1983
Nimemugeuza Mama, nimemusafisha, nimemupaka mawese kwenye bidonda bya mugongo. Upande wa kuume haujui kitu tangu alianguka kule kisimani. Mudomo umeenda upande. Lakini akili iko yote, na ulimi pia: amenigombeza sababu ya mabonge kwenye uji. Kisha beseni ya ndakala, samaki badogo ba kukausha, kichwani mpaka sokoni. Mugongo wangu unakatika. Ningekuwa ng'ombe bangenichinja zamani.

Siku ya ine, 10 mwezi wa pili
Jirani yetu Mama Feza ameleta habari. Serikali imefungua nyumba ya bazee kule juu, Fizi-Centre. Kitanda, chakula, infirmye wa kuchunga bagonjwa asubui na magaribi. Bure. Lakini banapokea tu muzee asiye na kitu wala muntu. Asiwe na nyumba, asiwe na mutoto.
Mama iko na byote bibili. Iko na nyumba ya manjanja, mabati juu, Baba aliijenga na jasho ya pamba. Na iko na mimi, binti yake. Batoto bengine Mungu alibakamata bangali badogo.

Siku ya posho (ya sita), 12 mwezi wa pili
Salongo, kazi ya lazima ya serikali. Tukilima majani ya barabara, baba mudogo Asukulu, mudogo wa marehemu Baba, amenivuta pembeni. Amesema nyumba iwe kwa jina yake, yeye ataichunga. Mimi niitwe jirani. Siku Mungu atamuita Mama, nyumba inanirudilia. Baba mudogo anajua kusema, asali inashuka.
Tumeenda kwa shefu wa kijiji. Shefu ananijua tangu natambaa. Amesema: kijiji yote inajua, lakini muntu wa zone, ule wa serikali, ataandika kile Mama atatamuka na mudomo yake mwenyewe. Amepokea samaki yetu ya mikeke na amefunga jicho.

Siku ya tatu, 16 mwezi wa pili
Nimemuambia Mama. Muchana muzima ameacha sahani ya bukari ikapoa. Kisha akasema: nyumba sawa, ni miti na udongo. Lakini kusema sina mutoto, hapana. Nilizika ndugu zako na hii mikono. Mudomo ya mama ikisema hana mutoto, Mungu anasikia, na bazimu ya baba yako banasikia.
Nimekasirika. Nimemujibu: basi tutakufa sisi bote babili, na mimi nitatangulia. Nilisema vibaya sana.

Siku ya tano, 18 mwezi wa pili
Mugongo ulikamata nikimunyanyua. Tumeanguka pamoja, yeye juu yangu. Hakuna wa kutuinua. Kwanza tulicheka kama benda wazimu. Kisha Mama akalia. Mama Feza alitukuta palepale chini.
Jioni Mama amesema: mwambie ule muntu wa zone aje.

Siku ya tano, 25 mwezi wa pili
Amekuja. Kijana mwenye koti ya abakosti ya kijivu, viatu safi, haraka nyingi. Uwanja wa shefu umejaa bantu. Mama hawezi kukaa peke yake, lazima muntu amushike mugongo. Nani? Mimi. Nilikaa nyuma yake, kifua changu ku mabega yake, vile yeye alinibeba zamani.
Kijana akauliza nyumba ni ya nani. Mama akasema: ya shemeki yangu Asukulu. Akauliza: sitwayene, mwananchi, uko na mutoto?  Bantu bote bakaangalia chini. Akauliza tena. Mama akasema: sina mutoto.
Na huyu anayekushika?
Jirani.
Mukono wake muzima ulikuwa umeshika mukono wangu chini ya nguo yake ya kikwembe. Alikaza mpaka kucha zikaingia. Kijana hakuona, alikuwa anapiga kashe, muhuri, ku karatasi.
 Alama za kucha ziko hapa bado. Naziangalia nikiandika. Naogopa.

Siku ya pili, 1 mwezi wa tatu
Bamemupeleka Fizi ndani ya kamio, gari kubwa ya mihogo. Kitanda chake hapa nimekikunja. Nimelala muchana. Sikumbuki lini nililala muchana.

Siku ya Mungu, 13 mwezi wa tatu
Nimepanda Fizi kumuona. Shuka safi. Bidonda binakauka, infirmye anamugeuza na mikono miepesi kunipita. Amenenepa mashavu. Mbele ya benzake ameniita: jirani, habari ya kule Baraka? Akanifungia jicho lile zima. Nilicheka, moyo ukaniuma.
Nisiandike uongo hapa. Nimefurahi pia. Mugongo umepoa, biashara inaenda. Muntu anaweza kufurahi na kuona haya siku moja.

Siku ya posho, 2 mwezi wa ine
Nimetoka sokoni, nimekuta bitu byangu mulangoni. Sufuria, mukeka, sanduku. Bibi mudogo, muke wa pili wa baba mudogo, iko anafagia chumba cha Mama. Baba mudogo amekaa kwenye kiti cha Baba. Hakupiga kelele. Amesema pole pole, kama muntu anayefundisha: shemeki mwenyewe alitangaza mbele ya shefu na serikali. Kaka yangu alikufa bila mutoto. Nyumba ya muntu asiye na mutoto inarudi kwa bandugu. Njo desturi yetu, we unaijua.
Naijua. Kila mutoto hapa anaijua. Hakuna hata mumoja kati yetu aliyeifikiri siku ile.
Nimekimbilia kwa shefu. Shefu amekuna kichwa, akasema: Mi nilisikia na masikio yangu, mama. Nitasema nini? Neno la mudomo linaondolewa na mudomo uleule, mwingine hauwezi.

Siku ya Mungu, 3 mwezi wa ine
Kwa Mama Feza, ku mukeka. Kikulacho ki nguoni mwako. Namuchukia baba mudogo. Najichukia mimi zaidi.

Siku ya Mungu, 10 mwezi wa ine
Fizi tena. Nilikata shauri nisimuambie. Mama akila, bidonda bikifunga, nyumba iende. Nilikuwa na uso wa kucheka, niliutengeneza njia yote.
Ameniuliza: mapapai ya nyuma ya nyumba yameiva? Nikasema sijui. Akaniangalia. Muntu anayelala pale hawezi kukosa kujua, akasema.
Nikamuambia yote.

Siku ya pili, 12 mwezi wa ine
Niko Fizi bado, Mama anataka kurudi. Infirmye amesema wazi: anayetoka hapa kusema iko na mutoto, kitanda chake anapewa mwingine, na hakuna kurudi. Nimepiga magoti. Mama, bakia. Nyumba ni miti na udongo, ni we ulisema.
Akajibu: si nyumba. Ni lile neno. Nililiacha nje, sasa linatembea. Leo limekutoa mulangoni, kesho litakuomba nini?
Infirmye aligeuka akaangalia dirisha. Tutashuka na kamio ya kwanza ya kesho.

Siku ya tatu, 13 mwezi wa ine
Uwanja uleule. Bantu balebale, na baba mudogo mbele. Nikakaa nyuma ya Mama, nikamushika vile vile.
Mama aliomba kikombe cha maji. Kisha akasema, na mudomo ule umepinda, pole pole, kila muntu akasikia: nilidanganya. Niko na mutoto. Nilimuzaa katika ile nyumba, kabla manjanja haijawekwa, mvua ikituangukia. Shefu, muke wako njo alimupokea. Neno lile nalirudisha ndani.
Akakamata maji ndani ya kinywa, nikamugeuza, akanipulizia ku kifua, vile bazee banabariki. Upande muzima wa mudomo ulitoa maji. Upande ule mwingine yalimwagika kidevuni, yakalowesha kikwembe chetu bote babili. Hakuna aliyecheka.
Shefu akasimama: mutoto iko, kwa hiyo nyumba iko na mwenyewe.  Kabla ya magaribi bibi mudogo alikuwa amekunja mikeka yao.
Nililia mbele ya bantu, mimi muke muzima. Sioni haya.

Siku ya tano, 15 mwezi wa ine
Kutoka zone bametuma neno: jina la Mama limefutwa ku nyumba ya bazee. Tulijua.

Siku ya Mungu, 1 mwezi wa tano
Mvua tangu alfajiri, hakuna soko. Kidonda kimoja cha Mama kimefunguka tena. Mama Feza anakuja asubui, tunamugeuza babili, hivi mugongo wangu unavumilia. Hautavumilia siku zote. Najua, na Mama anajua.
Mapapai yameiva. Nimekata moja, nimetoa mbegu, nilikuwa nasafisha kisu pale nje. Mama akaita kutoka chumbani:
Jirani! Unakawia.
Nimeingia na sahani. Amekula nusu, nusu nyingine amenisukumia.