Kiongozi wa Kayaki Asiyejua Kuogelea

Mpendwa Maman Patricie,

Naomba unisaidie upesi, kwa sababu mwisho wa mwezi huu wa sita napanda basi kwenda pwani ya Kenya kuongoza watu kwa kayaki wakaone nyangumi, na mimi sijui kuogelea.

Umesoma vizuri, Maman Patricie. Jina langu ni Odette, nina miaka ishirini na sita, naishi Kamembe na mama yangu, na tangu mwaka jana kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye ziwa Kivu kwa kayaki, ile mitumbwi myembamba ya plastiki ambayo mtu anakaa chini miguu mbele na kupiga kasia lenye vichwa viwili, nawapeleka hadi kisiwa cha popo, tunaangalia popo wakining'inia kwenye miti kama maembe meusi, na siku ya bahati tunamwona fisi maji akila samaki juu ya jiwe. Kazi naipenda kuliko chakula. Niliipata kwa ajabu tu, nilikwenda nyumba ya wageni ya Papa Muhigirwa kuomba kazi ya kupokea wageni, siku hiyo walikuwepo Wafaransa wanataka kwenda ziwani na hakuna mwenye kujua Kifaransa vizuri, Papa Muhigirwa akanitazama akaniuliza, "Weye, unazoea maji?" nikamjibu, "Papa, mimi nilikulia Bukavu, pembeni ya ziwa," na hilo halikuwa uongo ila halikuwa jibu pia. Akanipa kasia. Tangu siku ile sijawahi kuanguka majini hata mara moja, kwa sababu mwenye kuogopa maji kama mimi anakaa kwenye kayaki kama yai kwenye kikapu.

Sababu ya kutojua kuogelea nitakuambia mara moja tu halafu tuendelee. Vita ilipoingia Bukavu mwaka 1996 tulivuka ziwa kuja upande huu wa Rwanda kwa pirogi, mtumbwi wa mbao, iliyojaa watu kupita kiasi, ikapinduka tukiwa tayari tunaona watu wamesimama ng'ambo, mama akanikamata mimi kwa nywele, na mdogo wangu Aimable, ambaye alikuwa na miaka minne, hakumpata. Toka siku hiyo mama yangu hakutaka tena kuliangalia ziwa. Nyumba yetu dirisha lake linatazama ziwa, na yeye alilitundikia kitenge. Mimi nikamwambia kwamba kwa Papa Muhigirwa ninapokea wageni na kuandika majina yao.

Sasa sikia yaliyotokea mwezi wa nne. Tulitoka saa tatu asubuhi, jua zuri, ziwa limetulia, tulikuwa kayaki tano, mimi mbele na mwenzangu Balagizi nyuma, huyu Balagizi ni mtu wa kisiwa cha Nkombo, alizaliwa kwenye maji, na kati yetu walikuwepo walimu watatu wa sekondari kutoka Kigali. Mmoja wao, mwalimu Dusabimana, ni mtu mwenye tumbo la heshima, na tulipokaribia kisiwa alifungua jile lake, ile fulana ya kuokolea, akisema linambana, nikamwambia, "Mwalimu, tafadhali, funga," akasema, "Dakika moja tu, binti," halafu akasimama wima kwenye kayaki ili awapige popo picha. Akaenda majini na picha yake.

Maman Patricie, aliibuka mara moja mbele yangu, karibu kabisa, mkono wake ulikuwa hapa na kayaki yangu ilikuwa hapa, macho yake yananitazama mimi, na mimi nilikamata kasia kwa mikono miwili na sikuweza kufungua hata kidole. Sikupiga kelele. Akazama. Nikasikia maji yanapasuka, ni Balagizi amejirusha, akaenda chini, akakaa huko muda ambao kwangu ulikuwa mwaka, akatoka naye, akanipigia kelele, "Odette! Mukamate kola! Kamata!" na hapo ndipo vidole vyangu vikafunguka, nikamkamata mwalimu kola ya shati, tukamvuta hivyo hadi ufukweni, Balagizi akisukuma kutoka majini na mimi nimeshikilia juu.

Ufukweni watu walikuwa wamesimama na telefone zao. Picha zote zinanionyesha mimi nimemshika mwalimu. Balagizi haonekani, alikuwa nyuma ya kayaki anatapika maji. Mwalimu alipopata fahamu mtu wa kwanza kumwona alikuwa mimi, akalia, akaniita malaika, na mimi nilifungua mdomo nimwambie, Maman Patricie, naapa niliufungua, lakini watu walikuwa wanapiga makofi. Jioni nilimfuata Balagizi nikamwambia, "Kesho nitasema kweli." Akajibu, "Acha tu. Mwalimu iko muzima. Mi nilifanya kazi yangu." Kesho ikapita, na keshokutwa, na mimi nimenyamaza.

Mwalimu akaandika barua ya shukrani ikasomwa parokiani kwetu baada ya misa, jina langu lote, la ukoo na la ubatizo. Maman wangu alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye benchi. Nilidhani atanipiga hapo hapo mbele ya padri kwa sababu ya kumdanganya kuhusu kazi. Tulipofika nyumbani akaketi akaniuliza polepole, "Ulijifunzia wapi kuogeleya?" Nikasema, "Kwa kazi." Akalia, Maman Patricie, lakini kilio cha furaha, akasema, "Basi weye, maji haitakuweza." Na siku ya pili aliondoa kile kitenge dirishani. Siku ya tatu alishuka hadi ufukweni, yeye mwenyewe, kwa miguu yake, akakaa kwenye jiwe akatuangalia tukirudi na wageni. Miaka kumi na saba hakuwahi kufanya hivyo.

Halafu akaja bi mmoja kutoka pwani ya Kenya, ana shughuli ya kuwatembeza watu baharini kwa kayaki, alikuwa mgeni wa Papa Muhigirwa, akaiona ukutani ile picha yangu nimemshika mwalimu. Akasema anahitaji kiongozi mmoja kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi, wakati nyangumi wenye nundu wanapanda kutoka baridi ya kusini kuja kuzaa na kulea watoto. Alitueleza yote, kwamba unamsikia anapumua kabla hujamwona, kwamba hamumfuati wala hamumkatishi njia, mnazikusanya kayaki pamoja na kungoja mbali, na yeye akitaka atakuja. Niliota hayo macho wazi. Kisha akasema, "Na huko kayaki ikipinduka, kiongozi ndiye wa kwanza kuingia majini." Nafasi ni moja tu. Akanipa mimi fomu, Balagizi amesimama pale pale anafunga makasia kwa kamba. Swali la saba linauliza kama najua kuogelea. Niliandika: vizuri sana.

Nimefikiri nijifunze kimyakimya kwa hizi wiki tatu zilizobaki, kuna mtu wa Gashonga anasema anaweza kunifundisha kwenye bwawa la samaki. Nikisema ukweli nitapoteza kazi, nitapoteza nyangumi, na Maman atarudisha kitenge dirishani. Nikikaa kimya usingizi hauji. Nifanye nini?

Odette, Kamembe

MAMAN PATRICIE ANAJIBU

Odette binti yangu, nakiri nilicheka ulipofika kwenye tumbo la heshima na popo. Nikafika kwa Aimable nikaweka kalamu chini. Pole sana. Mtoto wa miaka tisa aliyeokoka kwa kushikwa nywele akikua na kuogopa maji, hakuna wa kumcheka. Na vidole vyako vilipokataa kufunguka siku ile, hilo silo kosa lako. Mwili ulikumbuka.

Lakini yaliyobaki ni yako yote, na nitakuambia bila kukupapasa. Mwaka mzima umewaweka watu kwenye maji yasiyoonekana mwisho wake ukijua kwamba akianguka mmoja utamtazama. Umeiita hiyo kazi unayoipenda. Ungeipenda ungeanza kwa kujifunza. Halafu umechukua sifa za mtu aliyezama chini kwa ajili ya mwenzake, na sasa unachukua na safari yake, huku amesimama mbele yako anafunga kamba. Balagizi kukuambia "acha tu" ni ungwana wake. Haukuwa ruhusa.

Na hili bwawa la samaki la Gashonga, tafadhali! Wiki tatu kwenye maji ya kufikia kiuno, kisha ukawalinde watu baharini pembeni ya mnyama mwenye uzito wa malori matatu? Ukifika huko na mtu akapinduka, hakutakuwa na Balagizi nyuma yako. Utakuwa peke yako na kasia lako mikononi. Unalijua hilo, ndiyo maana hulali.

Sasa kuhusu mama yako, maana naona hapo ndipo panapokuuma. Unadhani ukisema kweli utamnyang'anya dirisha lake. Mimi nakuuliza, mama huyu amefurahia nini? Barua ya kanisani? Hapana. Amefurahi kwa sababu anaamini mtoto aliyembakia hawezi kuzama. Na wewe unaweza kuzama, Odette, hata kesho asubuhi. Anakaa kwenye lile jiwe ametulia kwa sababu hajui anachokiangalia. Unamwachaje hivyo?

Kesho usiingie ziwani na wageni. Sema unaumwa, sema lolote la siku moja, lakini usiingie. Asubuhi hiyo hiyo mtafute Balagizi kabla ya mtu mwingine yeyote, umwombe msamaha, na usimwache akuambie tena "acha tu". Mwambie mwende pamoja kwa Papa Muhigirwa. Kwa Papa Muhigirwa usizunguke, anza na swali la saba. Atakasirika, na ana haki. Umwombe akupe kazi yoyote ya nchi kavu, hata ya kuosha kayaki, na umwombe jina la Balagizi liende pwani badala ya lako. Mwalimu Dusabimana umwandikie barua wewe mwenyewe kwa mkono wako, na umkumbushe habari ya jile, maana na yeye ana sehemu yake katika hili.

Jioni ya siku hiyo hiyo, kaa na mama yako. Asisikie sokoni. Usimpe maelezo marefu, mwambie ulivyoshindwa kufungua vidole. Nadhani yeye kuliko mtu yeyote Kamembe atakuelewa, ingawa sikuahidi kwamba atakuelewa siku hiyo.

Kisha ujifunze kuogelea. Kwa mwalimu wa kweli, mchana, mbele ya watu.

BARUA YA PILI YA ODETTE, ILIYOTUFIKIA MWEZI WA TISA

Maman Patricie, nilifanya yote, isipokuwa sikusema ninaumwa. Nilikwenda moja kwa moja.

Balagizi alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Sasa ni vizuri. Ilikuwa inanikula." Nilidhani hajali, kumbe ilikuwa inamla. Papa Muhigirwa alinifokea hadi wapishi wakatoka jikoni, akanivua shingoni filimbi ya kiongozi, halafu baada ya siku mbili akaniita akaniweka kwenye gati, kazi yangu ni kufunga majile ya wageni, na hakuna anayetoka hapo kabla sijalivuta jile lake mara tatu. Bi wa pwani alikubali kumchukua Balagizi. Mwalimu Dusabimana alijibu barua yangu kwa mistari miwili. Hakuniita malaika. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe, akakaa na Balagizi saa nzima wanaongea.

Maman wangu hakusema nami siku nne. Aliacha kuja ufukweni. Siku ya tano Balagizi alikuwa ananifundisha, amenishika chini ya tumbo nami nampiga maji usoni kama bata, nikasikia sauti kutoka kwenye mawe: "Umufundishe mbele yangu. Nataka kuona na macho yangu." Alikaa pale kila siku hadi Balagizi aliposafiri. Sasa naweza kutoka gatini hadi kwenye boya na kurudi bila kupumzika. Papa Muhigirwa anasema tutazungumza habari ya filimbi mwakani.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimetoka majini, Maman yuko pembeni yangu, Balagizi akapiga simu kutoka huko pwani. Nikaweka sauti juu ili na yeye asikie.

"Odette, leo nyangumi ametoka karibu na sisi, mama na mutoto wake! Nilisahau maneno yote. Bageni bananiuliza, mi nanyamaza. Halafu na benyewe bakanyamaza."

Maman akainamia telefone. "Balagizi. Ule mutoto, anamubebaka namna gani mu maji?"

"Hamubebake, Maman. Mutoto anaogeleya mwenyewe, pembeni yake. Mama anaenda pole-pole tu, anamungojea."

Maman akanipa mkoba wake nimshikie, akavua ndala, akakunja kitenge hadi magotini, akaingia.