Kaka Anabomoa Ukuta kwa Ajili ya Kampuni Isiyokuja

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijamrushia kaka yangu bisibisi.

Mimi ni fundi simu, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, na duka letu ni vyumba viwili vya mbele alivyotuachia marehemu baba, kimoja natengeneza mimi simu na kaka yangu anauza, cha pili alikuwa akishona baba yetu mdogo, fundi cherehani wa sare za shule, amekaa humo miaka kumi na tisa na sijui kama kuna mtu mtaani ambaye hajawahi kupimwa kiuno na yeye. Kaka yangu mtaa mzima unamwita Balozi, kwa sababu ya ile kampuni kubwa ya simu ya ng'ambo, ambayo yeye anaisemea kuliko wenyewe wanavyojisemea. Miaka miwili sasa anadai lazima ifungue maduka yake nchini kwetu, amekusanya sahihi, amekwenda redioni, amewaandikia barua kumi na moja, na mwezi uliopita akaamua mwenyewe kwamba wanakuja, kwamba watataka mahali, na kwamba mahali penyewe ni kwetu.

Basi akamtoa baba mdogo. Akampeleka uani nyuma, karibu na tangi la maji, cherehani na meza ya kukatia vikafuata, kile chumba akakipaka rangi nyeupe, akang'oa rafu zote, akaweka meza moja ndefu katikati kwa sababu ameona kwenye picha maduka yao yako hivyo. Mteja akiingia na mkoba anaambiwa asiuweke pale. Meza haina kitu juu yake, mshauri, hata sindano, lakini inalindwa kama mayai.

Mimi sitaki hilo duka lije na sijawahi kuficha. Nchi yetu ni ndogo, wenye uwezo wa kununua simu zile mpya ni wa kuhesabu, wakija watauza, halafu watasema simu isifunguliwe na mtu asiye na cheti chao, na sisi tuliojifunza ufundi kwa kuharibu simu zetu wenyewe tutakwenda wapi? Tumegombana naye kwenye chakula mpaka wifi akahama na sahani yake. Yeye husema nina akili ya kibanda. Lakini nisimnyime haki yake, kuna kitu kinamuuma kweli. Mwaka juzi alisafiri na simu ya mwalimu mmoja mjane, mteja wetu, picha zote za mumewe ziko humo, mimi nilikuwa nimeshindwa kuitengeneza maana kipuri chake hakiuzwi popote. Kaka akapanga foleni nusu siku kwenye duka la kampuni hiyo nchi jirani, alipofika mbele wakamwambia simu za nchi yetu hawazihudumii. Akarudi nayo kama alivyoondoka nayo. Tangu hapo si yule tena.

Sasa dhambi yangu. Nami niliwaandikia. Kwa siri, kwa barua pepe ya duka, nikawaambia wasilete maduka, sisi ni wachache, watuuzie vipuri halisi na watufundishe, inatosha. Baada ya siku nne wakanijibu. Wanasema hawana mpango wa kufungua maduka nchini kwetu, na habari ya vipuri wameipeleka kwa idara inayohusika. Jibu hilo lilifika wiki moja kabla kaka hajamhamisha baba mdogo. Nililichapa nikalificha chini ya trei ya vifaa vyangu. Ningemwonyeshaje, wakati barua zake kumi na moja hazikujibiwa hata moja, na mimi nimejibiwa kwa moja? Atasema ni mimi niliyemharibia, na labda ni kweli. Na niseme yote, siku mbili za kwanza nilifurahi.

Juzi baba mdogo alikuja mezani kwangu, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hawa wageni wanakuja lini hasa? Nataka kujua kama nivumilie au nitafute pengine."

Nikamjibu, "Karibuni tu, baba."

Jumamosi Balozi ameita waashi, wanabomoa ukuta wa kati ili vyumba viwe kimoja. Nifanye nini?

Fundi Simu

JIBU

Fundi, gazeti hili hutoka Jumapili na ukuta wenu ulikuwa uvunjwe Jumamosi, ndiyo maana nilikutafuta kwa simu Jumatano. Niliyokuambia nayachapa hapa, kwa sababu wapo wengi wenye karatasi zao chini ya trei.

Kwanza, shuka kwenye hicho kiti cha enzi. Kampuni kama ile haikuacha kuja kwa sababu dada mmoja ameandika barua. Walishapiga hesabu yao kabla hujazaliwa kwenye ufundi. Hofu ya kwamba umemharibia kaka yako ni majivuno yaliyovaa nguo za majuto, yavue.

Pili, kuhusu duka lenyewe, ninyi wawili mnapigana huku kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Kaka yako ana haki kudai kwamba anayetuuzia kitu asitufukuze kinapoharibika. Udogo wa nchi si kosa la kuadhibiwa. Wewe nawe una haki kuogopa mgeni atakayekuja na kufuli la kila simu. Hoja hiyo ina miguu, ilistahili kupita mlango wa mbele. Wewe uliipitisha dirishani.

Lakini kosa lako kubwa haliko ng'ambo. Mzee amekuuliza swali la heshima, anataka kupanga maisha yake, nawe una jibu chini ya mkono, ukamdanganya. Ungeitoa barua siku ilipofika, asingekaa hata siku moja na cherehani yake kwenye unyevu wa tangi. Balozi alimhamisha kwa kutojua. Wewe ulijua. Nilipokusomea hayo kwenye simu ulianza kulia, nikakuambia machozi baadaye, kwanza barua.

Nilikuagiza uwaite wote wawili pamoja, uchukue barua uliyoandika na uliyojibiwa, umpe kaka yako asome mwenyewe. Usimfafanulie, usijitetee, na ole wako ukitabasamu. Kisha umwombe radhi baba yako mdogo mbele yake, na uirudishe ile cherehani kwa mikono yako.

Ijumaa ulinipigia. Wasomaji nao wajue. Balozi alisoma amesimama, akasoma tena amekaa. Hakufoka. Aliuliza jambo moja tu, "Uliwaandikia mara moja?" Ukasema ndiyo. Akatoka, akapotea mchana kutwa, alipokuwa mbali akawapigia waashi kuwaambia wasije. Aliporudi alikukuta umeng'ang'ania mguu wa meza ya kukatia, akashika mguu wa upande wa pili, mkaiingiza ndani. Baba mdogo alisema tu rangi nyeupe imempendeza, sasa ataona uzi bila miwani. Tangu hapo kaka yako hakusemeshi, na umeniuliza ufanye nini na ukimya huo.

Uache. Ana haki nao. Mtu aliyeandika mara kumi na moja bila kujibiwa hata "tumeipata" amedharauliwa vya kutosha, usimwongezee haraka yako. Akianza kusema, msikilize mpaka mwisho, hata akirudia ile ya kibanda.

Ila mlango umeshafunguka kidogo, na uliufungua wewe kwa njia mbaya. Kuna idara huko ina ombi lako la vipuri. Hiyo ndiyo kazi. Muandike barua nyingine ninyi wawili, si ya kuwaita wala ya kuwafukuza. Waelezeni habari ya simu ya yule mwalimu, tangu mlipokwama mpaka ile foleni, na muulize ni wapi mtu wa nchi yetu atapata kipuri hicho na nani atamfundisha fundi wake kukifunga. Kaka yako ndiye aliyesimama kwenye foleni ile, kwa hiyo aandike yeye. Wewe utie sahihi chini, jina lake litangulie.