Mahindi Yetu Bado Yako Stoo

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa mtaa wa Munyaka hapa mjini, kwa hiki chumba ulichosema ni kidogo kuliko banda la ng'ombe wetu. Mvua haijaacha tangu asubuhi. Huko nyumbani Moiben, Mama ameanika mahindi na kuyaanua peke yake mpaka yakakauka. Ndiyo mara ya kwanza tunavuna bila wewe, na mimi sijazoea hata kidogo.

Unakumbuka vile ulikuwa unauma punje kujua kama imekauka? Ukishaitema unanipa nyingine, ati na mimi nijaribu. Halafu lori la broka wa mahindi linaingia, na wewe unaanza kufunga magunia. Karo ilikuwa inangoja, kwa hivyo uliuza kwa bei yake yeye. Baadaye tunanunua unga dukani kwa bei ya kuudhi, na unaniuliza lile swali lako: "Chebet, mbona bei inaanguka siku tunavuna, na ikipanda stoo yetu iko tupu?" Nikasema nitasoma mpaka nijue.

Nikasoma. Siku ya mahafali pale chuoni Chepkoilel ulimwambia kila mtu, hata askari wa geti, kwamba huyu ndiye atatueleza mambo ya bei. Niliona haya, Baba. Leo natamani unitie haya tena.

Nilipata nafasi. Chuo kimoja cha ng'ambo kilinikubali nifanye PhD ya uchumi, juu ya swali lako hilohilo. Pesa yao inatosha mtu mmoja kula na kulala, basi, na nafasi yenyewe haingoji mwakani. Wiki hiyohiyo benki moja hapa mjini ikaniita kitengo cha mikopo, kwa mshahara mzuri.

Nikaenda nyumbani kumwambia Mama. Nikamkuta broka amekaa kwa kiti chako, anakunywa chai. Mama alikuwa tayari kumuuzia mahindi yote, kwa sababu mdogo wangu Kiprop anaingia sekondari. Hakulia wala hakunizuia. Alisema niende tu nisome, yeye atauza. "Si ndivyo tumekuwa tukifanya?"

Yaani niende ng'ambo kuandika juu ya watu wanaouza mapema, na mama yangu awe mmoja wao kwa sababu yangu? Nikamwambia broka amalize chai aende. Karo ya Kiprop nitalipa mimi.

Jana nimewaandikia chuo nikakataa. Jumatatu naanza benki. Majirani wananipongeza, nami nacheka nao, lakini nina uchungu, Baba. Na nimekukasirikia kidogo, kwa kuniachia swali ukaenda bila kungoja jibu.

Pumzika sasa. Mama amefunga stoo na ufunguo anatembea nao. Mahindi yatangoja bei ipande. Mimi ndiye sikungoja: nimejiuza mapema, kwa sababu ya karo.

Ni mimi, binti yako,
Chebet