Jina Lisiloandikwa Kitabuni

Neza, Jumanne

Dada yangu Eufrosina,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu kidogo, na goti limetulia. Mimi ni mzima, ila kifua na hewa ya mji huu bado hatujapatana, hata baada ya miaka kumi na tisa.

Nimesikia mwanao Nazario angali rumande. Walioona wanasema hakumpiga polisi yeyote. Aliikumbatia tu fimbo ya umeya, akaketi mlangoni, akasema aliyempa ni mkutano wa kijiji, basi mkutano wenyewe uje uichukue, si mahakama. Abundio, aliyepewa kiti hicho cha umeya na mahakama, akamcheka mbele ya watu, ati meya wa kuku, kwanza akafagie uwanja kama vijana wa zamu.

Nazario aliufagia. Mwaka ule Abundio alipokwenda kaskazini kuchuma nyanya, mwanao ndiye aliyemshikia zamu ya uaskari wa kijiji, kulinda na kufagia uwanja, mwaka mzima. Kwetu asiyepitia zamu hiyo hawi meya, hata mikono yote ikiinuliwa. Na anayemshikia mwenzake huhesabiwa tu iwapo karani ameandika majina mawili. Karani nilikuwa mimi. Niliandika moja, la Abundio, nikasema la pili nitaliongeza. Ukaja ugomvi wa mipaka, wanakijiji wakanifukuza na kunifuta kwenye orodha yao.

Mahakama ilimtafuta karani huyo aeleze. Nilikuambia kwenye simu kwamba wito wao haukunifikia. Dada, ulinifikia. Niliutia sahihi kwa mkono wangu. Wiki moja kabla, Abundio alikaa jikoni kwangu, akala tamale za unga wa mahindi nilizopika, akaahidi kwamba akipata umeya atanirudisha kwenye orodha ya wanakijiji, nije kuzikwa kando ya mama. Hakuniomba niseme uongo. Alisema ninyamaze tu, mzee wangu, kunyamaza hakuchoshi. Nikanyamaza, na mahakama ikafuata kitabu.

Kibali changu cha kurudi kilifika juzi, kina muhuri wa Abundio. Nimekitia humu pamoja na maelezo niliyoyaapa mbele ya wakili. Mpelekee mtetezi wa Nazario vyote viwili kabla ya Ijumaa, rufaa haijafungwa. Abundio atanifuta tena, najua, na safari hii sitakuwa na la kulalamikia.

Wasalimie wajukuu, na majirani watakaokubali salamu zangu. Ukienda kumwashia mama mshumaa, mtajie Nazario. Mimi usinitaje.

Mdogo wako,
Hilarión