Nilimsingizia Mwalimu Aliyenionya

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na jina langu ulifiche. Mimi ni binti wa Makwale, Kyela, nasoma sayansi ya kompyuta mwaka wa pili chuo kikuu Dar es Salaam, na kabla ya kufika huko sikuwahi hata kuigusa kompyuta. Pale kila mwanafunzi hupewa mwalimu wa kumshauri kuhusu masomo, wangu ni mtu mzima ambaye hapa nitamwita Mwalimu Hezroni, na alipoona matokeo yangu ya mwaka wa kwanza aliniambia, "Hisabati yako bado haijakaa sawa. Haya masomo matatu ya programu yaache kwanza, urudie hisabati, utayasoma mwakani." Mimi nikaona aibu wenzangu kuniacha nyuma, nikajaza fomu, nikaiga saini yake, nikayachukua yote matatu, na yote nimefeli, sasa chuo kinataka nirudie mwaka.

Niliporudi likizo baba hakunigombeza, aliuliza tu, "Mwanangu, imekuwaje?" Nikamjibu kwamba Mwalimu ndiye aliyenichagulia masomo yale kwa sababu anatuonea watu wa huku. Baba ni mkulima wa kakao, akasema, "Mambo ya kompyuta siyajui, lakini kuonewa nakujua." Akaenda kwa katibu wa kanisa, wakamwandikia mkuu wa chuo. Juzi Naila, ninayesoma naye, ambaye baba yake ana duka Kyela mjini, amerudi kutoka Dar na habari kwamba Mwalimu amesimamishwa, kikao kitakaa chuo kikifunguliwa, na ushahidi ni ile fomu. Akaniuliza, "Ile saini ni ya nani?" Nikisema kweli nitafukuzwa na baba ataaibika kanisani, nikinyamaza mzee wa watu atapoteza kazi. Nifanye nini? Ndaga, asante kwa kunisikiliza.

Mwenye aibu, Kyela

Binti yangu, pole. Kukwama kwenye hisabati ukiwa umetoka shule isiyo na kompyuta hata moja si kosa, na mwalimu wako aliliona hilo, akakuonyesha njia ya kupita. Huruma yangu inaishia hapo. Umechukua mkono wa mtu ukauandikia uongo, kisha ukamtuma baba yako, asiyejua kitu, akaupeleke kwa heshima ya kanisa.

Leo hii baba akitoka shambani, kaa naye. Anza na saini, usianze na machozi, maana ukilia atakubembeleza na utashindwa kumaliza. Atakasirika. Mwache akasirike, na kwa katibu wa kanisa nendeni pamoja. Kisha mwandikie mkuu wa chuo kwa mwandiko wako mwenyewe, ueleze ulivyoiga saini, na barua uipeleke kwa mkono wako kabla ya kikao. Usimtume Naila.

Wanaweza kukufukuza, sitakudanganya. Wakikubakiza, rudia hisabati. Wakikufukuza, utarudi Makwale, na huenda miaka ikapita kabla hujaingia darasani tena. Mwalimu mwombe radhi ana kwa ana, wala usimwombe akutetee.

Kikao kikikuuliza kwa nini hukusema mapema, jibu kwamba uliogopa. Usiongeze neno. Kaa, usikie watakavyoamua.

Mama Angetile