Da Mgeni, Kiingilio Kimepanda Tena

Da Mgeni,

Nimeshindwa kuanza kwa kukuuliza hali, maana hali yako sasa anaijua Mola peke yake. Basi nianze na yangu. Niko chumbani kwako, nimekaa juu ya robota la suti za watoto ambalo wapagazi hawajaja kulichukua, na chumba kizima kinanuka pilau. Mwenye nyumba amekwisha kugonga ukuta kulalamikia harufu ya bizari, kama alivyokuwa akikufanyia wewe. Nimemjibu kama ulivyokuwa ukimjibu, kwa kufungua dirisha. Wala usinikatize. Ulipokuwa hai sikuwahi kumaliza sentensi mbele yako, leo angalau utanisikiliza.

Fainali imechezwa jana. Nilitaka uipate habari hii kwangu.

Unakumbuka pale hospitali, ulipokuwa huwezi hata kuinua mkono wa kushoto, lakini ulimi wako bado mzima. Nilidhani utaniusia juu ya mzigo wako wa nguo kwenye soko la Shahe, au juu ya dada yako kule Michenzani. Ukanishika kanzu, ukasema, "Tatu, Hamadi asicheze mpira wake wa mwisho uwanja kimya. Umpigie weye." Nikakuambia ndiyo. Nilisema ndiyo kwa kuwa mgonjwa hakataliwi, na nilisema nikijua wazi kwamba vigelegele vyangu ni kama birika linaloanza kuchemka. Siku ya tatu yake ukafariki.

Hamadi wako alikuwa anamaliza chuo. Miaka yote hiyo ya uhandisi, mtoto wa Wete ambaye hukumzaa, na ukimwita mwanangu mbele ya watu mpaka wengine wakaamini. Fainali ndiyo iliyokuwa mechi yake ya mwisho langoni kabla ya kurudi nyumbani. Ahadi yangu ilikuwa kwa mechi hiyo moja tu, Da Mgeni. Sikuwa na mechi nyingine ya kuibadilisha nayo.

Ngoja kwanza nikukumbushe tulikotoka, kwa sababu kuna jambo nakulaumu, na lawama bila mwanzo ni ugomvi tu.

Tulikuwa tunatoka sokoni Guangyuan Xilu, hapa hapa Uchina, na mifuko yetu, tumekosea basi, tunakata njia nyuma ya mabweni ya chuo. Tukasikia mtu anapiga kelele, "Achia! Achia mpira, we bwege!" Ukasimama pale pale. Ukasema, "Hao watu wa kwetu hao." Ukaacha njia ya basi, ukafuata vumbi. Tukawakuta wanafunzi wanacheza, Watanzania na Wakenya dhidi ya Wasudani na Wakongo, uwanja wa udongo hauna uzio wala mlango, pembeni ngazi za saruji zinazopanda kwenye tangi la maji. Tukakaa ngazi ya tatu. Hamadi akadaka penalti, na wewe ukapiga kigelegele kilichowafanya wanafunzi wa Kichina wafungue madirisha. Tangu siku ile Jumapili yako haikuwa na kazi nyingine. Ulikuwa unapika pilau, tunaibeba sufuria tukiwa tumeifunga kwa taulo, na mpira ukiisha wote wanakula, walioshinda na walioshindwa. Kiingilio chetu kilikuwa hicho.

Halafu kiatu cha Hamadi kikaachama mbele. Alikuwa amekifunga kwa kamba ya robota, ile ya plastiki ya rangi ya samawati, na kila akipiga mpira kamba inafumuka. Ukavua kanga begani, ile yenye maandishi yaliyokwisha kufutika, ukaitandika chini kando ya mstari. Ukaanza kuzunguka na watu kama tuko Dar na kuna harusi. Mchango. Kwetu nani anauliza mchango wa nini? Mtu akiona kanga imetandikwa, mkono unaingia mfukoni wenyewe, maana kukataa ni aibu kuliko kutokuwa nacho. Wakenya walinung'unika, yule Kamau akasema, "Auntie, hii nayo ni ya nini tena?" huku anatoa. Njumu za Hamadi zikanunuliwa. Jumapili iliyofuata zikawa glavu. Kisha maji ya wachezaji. Kanga ikawa inatandikwa hata kama hakuna kilichochanika.

Nilikuambia siku zile zile kwamba watu wakishazoea kutoa, watatokea na wa kupokea. Ukanijibu, "Weye Tatu, roho yako ndogo kuliko kifungo cha shati." Tukacheka. Mimi nilicheka nusu.

Msimu uliofuata ilikuwapo kamati ya ligi, na kamati ikaweka meza, na mezani kitabu cha tiketi. Yuan tano. Wakasema ni za refa. Wakahamia uwanja wenye nyasi na uzio wa waya, ikawa kumi, kwa sababu uwanja unakodiwa. Zikaja taa, ikawa ishirini. Ikaja kampuni moja ya kusafirisha mizigo, ikaleta viti vya plastiki vyenye mito na bahati nasibu ya redio wakati wa mapumziko. Kila mtu akajua sasa hatutoi tena, tunatozwa. Kila mtu isipokuwa wewe. Wewe ulilipa kama anayechangia ndugu, na walipopandisha ulitoa na dua juu yake. "Si mchango tu?" ulikuwa ukiniambia. Mwanafunzi akifika getini hana, unamlipia, na wa nyuma yake pia. Kamati ikaona watu wanaingia, ikapandisha. Hapo ndipo ninapokulaumu, dada yangu, na nakulaumu huku nalia, kwa sababu wema wako ndio uliowafundisha bei.

Ulipoondoka hukuyaona ya mwisho. Ngazi ya tatu ya uwanja mpya, ile tuliyoichagua kwa kukumbuka ya kwanza, imewekwa viti vya wageni wa kampuni. Jezi sasa lazima uinunue kwao ndipo uingie, ile ile inayoshonwa kwenye viwanda vya Kangle ambayo mimi na wewe tungeipata kwa bei ya soda. Na chakula cha kutoka nje marufuku. Kuna kibanda chao kinauza soseji ambazo sisi Waislamu hatujui zina nini.

Nikueleze na maziko yako, maana hilo hukuliona pia. Mabinti wa Kisudani waliacha mtihani wakaja kukuosha pamoja na mimi. Sheikh wa Kichina alikusomea kwa lafudhi yake, herufi nyingine zikigoma kutoka, lakini sauti yake ilikuwa na huruma na nikamshukuru kimoyomoyo. Kabla hatujatoka nilitandika kanga yako barazani kwa ajili ya gharama, ile ile. Wanafunzi wakaja mmoja mmoja. Wale ambao siku hizi hawaonekani uwanjani kwa sababu hawawezi kulipa, walikuja wote. Sikuhesabu kilichoingia na sitakuambia. Nilijua tu kwamba zile nyuso nilizokuwa nikidhani zimechoka na mpira, zilikuwa zimechoka na geti.

Basi jana. Nilipika. Nilijua sufuria haingii na nikapika, kwa kuwa sijui kwenda kwa Hamadi mikono mitupu. Fedha zangu zote nilikuwa nimezilipa juzi kwa mzigo, unajua mwenyewe siku za mwisho za safari zinavyokuwa, una marobota mpaka darini na mfukoni nauli ya basi. Nilibakiza yuan ishirini za kiingilio na jezi ya zamani nimeivaa. Getini nikamkuta Kamau, yule yule. Akaniambia hamsini, leo ni fainali. Na jezi imebadilika, ya msimu huu ina jina la kampuni.

Nilimwangalia, Da Mgeni. Nikamwambia hii sufuria niliyoishika ndiyo iliyokunenepesha. Nikamwambia na mengine ambayo ungenifinya. Akainamisha kichwa, akasema, "Auntie, si mimi. Ni komiti. Hata mimi nisiposimama hapa wananikata allowance." Nikaona macho yake, nikaacha. Hasira yangu haikuwa na mtu wa kumshukia. Nikageuka na sufuria yangu, na nakiri kwako kwamba nilianza kuelekea kituo cha basi. Nikawaza, ahadi ya mgonjwa Mungu anaisamehe.

Ilikuwa njiani, nikipita nyuma ya goli pale panapoegeshwa baiskeli, nikasikia, "Kipa, toka! Toka!" Kwa Kiswahili, na kwa sauti nyingi. Nikachungulia. Jamani. Walikuwa huko wote. Wanafunzi wa skolashipu, mabinti wa Kisudani, Wakongo na ngoma yao ya ndoo, na wapagazi wawili wa Kichina wenye mikokoteni ambao sijui hata walikuja kumshangilia nani. Wamesimama nje ya uzio, wengine juu ya matandiko ya baiskeli, vidole vimeshika waya. Ndani, kwenye viti vyenye mito, watu wamekaa wanasubiri bahati nasibu. Uwanja ulikuwa umekatwa katikati, wenye tiketi ndani na wenye mpira nje.

Nikaivua kanga yako begani. Nikaifunga kwenye waya, ncha nne, ikawa wazi nyuma ya nyavu.

Kipindi cha pili Hamadi akaja goli la upande wetu. Alikuwa amevaa zile glavu za mchango, zimeshonwa shonwa. Nilingoja mpaka adake mpira, nikapiga kigelegele. Kikatoka kibaya, kikakatika katikati, mabinti wakanigeukia. Hamadi akainua kichwa, akatazama ngazi ya tatu. Kwa mazoea tu. Pale alikuwapo bwana mmoja wa kampuni, amevaa suti, anakunywa maji. Nilimwona mtoto mabega yakishuka, na moyo wangu ukauma nisikuambie uongo. Nikapiga tena, nikapiga na cha tatu nikiwa nalia, na wale mabinti wakaitikia kwa vya kwao vya Khartoum, virefu kuliko vyako, usichukie. Akageuka nyuma. Akaiona kanga. Hakupunga mkono wala nini. Aligusa nguzo ya goli kwa glavu, akarudi katikati ya lango, na kuanzia hapo akawa anaruka kama siku ile ya penalti.

Walifungwa. Kona ya dakika za mwisho, watu wamerundikana, hata wewe usingemlaumu. Moja bila.

Wakaitwa kwenda kupokea medali mbele ya viti. Hamadi akaenda, akapeana mikono, akaivaa, adabu zake unazijua. Kisha akashuka akaja moja kwa moja kwenye uzio, na wenzake nyuma yake, na baadaye na waliowafunga. Nikafunua sufuria. Mlinzi wa uwanja, mzee wa Kichina, akaja mbio anasema, "Bu xing, bu xing," haifai, haifai, anaonyesha waya. Haikuwa inaingia, bwana. Sufuria ilikuwa nje, kwetu. Tukawa tunafunga matonge kwenye mifuko ya nailoni tunayarusha juu ya uzio, wao wanadaka. Hamadi alidaka la kwanza, watu wakapiga makofi ambayo hayakupigwa mechi nzima. Mwisho mzee yule naye akanyoosha mkono. Kamau alikuja wa mwisho, kitabu cha tiketi kimetuna kwenye mfuko wa shati, na sikumnyima. Wewe usingemnyima.

Hamadi ameondoka leo asubuhi. Amepita kwanza kaburini kwako, amekaa sana, sikumuuliza alisema nini. Glavu amemwachia kipa mpya, Mkongo mmoja mrefu ambaye aliniita Mama Tatu na kunishukuru kwa merci zake mpaka nikaona haya. Nimemwambia mwenye nyumba chumba nakichukua mimi. Amesikitika juu ya bizari.

Na wale wa nje wamekubaliana. Jumapili ijayo wanarudi kule nyuma ya mabweni, kwenye udongo. Kamati ibaki na viti vyake. Pale hakuna uzio, kwa hiyo hakuna mahali pa kumsimamisha mtu na kitabu.

Nakuahidi nitakwenda, nikiwa hapa na nikirudi kutoka safari. Nitapika. Kanga yako nitakwenda nayo, nitaitandika ngazi ya tatu, nikalie upande mmoja na upande wako niuache. Nitaitandika kwa kukalia tu. Mtu akitupa sarafu juu yake, nitaiokota nimrudishie mkononi, nimwambie mwenye kanga hapokei tena.

Lala salama, dada yangu. Vigelegele najifunza.

Wako,
Tatu