Kichwa cha Mshale cha Kukunja

Jeddah, Jumanne

Huu mdomo wangu utaniponza. Nani alinituma nimwambie bosi, tukiwa tumekwama kwenye jam, kwamba sisi Wakamba ni wawindaji wa tangu jadi na babu yangu hakuwahi kukosa shabaha?

Leo nimempeleka duka la vifaa vya kuwindia. Mwezi ujao anaenda Ulaya kuwinda kulungu kwa upinde. Akanipa vichwa viwili vya mishale. Kimoja nyembe zake zimesimama wazi. Cha pili zimekunjwa, na hufunguka zikimgonga mnyama.

“Chagua wewe, Mutua. Yalla, haraka!”

Mimi, ambaye hata manati ilinishinda! Nikachagua cha kukunja. Hicho angalau hakitachana viti vya gari, vile vya ngozi ninavyovisugua kila asubuhi.

“Wallahi, damu ya wawindaji!” Sasa anataka twende wote, nikamwonyeshe.

Nimempigia Mama mbio mbio. Babu alikuwa anawindaje?

Mama alicheka mpaka akakohoa. “Kuwinda? Babu yako alikuwa anachonga mishale ya kuwauzia watalii. Nyama tulikuwa tunanunua bucha.”